Chakula Kilichofunikwa Kawa

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja baada ya Alasiri, mbele ya wazazi wa watoto wa chekechea, kwenye ua wa shule moja hapa Ngamiani, Tanga. Umeme ulikatika nikiwa katikati, kipaza sauti kikafa, nikaendelea kwa koo langu. Nimeyaandika kama yalivyotoka, nikaondoa tu yale niliyoyarudia.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wenzetu Wakristo, Tumsifu Yesu Kristo, na wale wa Bwana asifiwe, asifiwe sana. Wakubwa zangu, shikamooni. Wanangu, marahaba, najua mmeniamkia moyoni.

Mwenyekiti amenipamba kwa sifa nyingi, namshukuru, lakini sifa yangu ni moja tu. Nimekaa mkekani na watoto wa miaka mitatu, minne na mitano kwa miaka 31. Sikupandishwa kufundisha wakubwa, wala sikuomba. Nilipoambiwa nije nizungumzie kulea imani ya mtoto mdogo nyumbani, nilitaka kukataa. Nikasema, mji huu una masheikh, una mapadri, una wachungaji, mimi mama wa chekechea nina lipi? Kisha nikakikumbuka kiberiti.

Siku hiyo watoto walikuwa wanacheza mchezo wa baba na mama chini ya mwembe, nami nimekaa pembeni na ungo nachambua mchele. Binti mmoja wa miaka minne ndiye aliyekuwa mama. Ukafika wakati wa kuswali. Akatandika kanga, akajifunga ushungi mpaka kidevuni, vizuri kabisa, mpaka nikamwonea fahari. Halafu akazunguka kutafuta kitu. Akapata kiberiti kitupu, akakiweka chini, upande wa kulia wa ile kanga, karibu na pale atakapoweka kipaji. Akafunga swala. Akarukuu, akasujudu, na kila akiinuka jicho linakwenda kwenye kiberiti. Rakaa ya pili kiberiti kikaita. Sauti aliitoa mwenyewe kwa pua: vvvv, vvvv. Basi swala ikashika mbio. Salamu mbili kwa mpigo mmoja, kiberiti sikioni: "Haloo! Nilikuwa naswali, hebu sema."

Nilicheka mpaka mchele ukamwagika. Jioni ile natandika mswala wangu nyumbani, nikaukuta mkono wangu unaiweka simu palepale.

Yule mtoto hakufundishwa na mtu. Hakuna mwalimu wa chuo cha Kurani aliyemwambia kuwa swala ina nguzo ya simu. Alihifadhi. Mtoto kabla hajahifadhi Alhamdu ameshamhifadhi mama yake, ameshamhifadhi baba yake, herufi kwa herufi, mpaka na mahali pa kuvuta pumzi. Jambo langu la leo ni hilo. Mwenye haraka anaweza kuondoka sasa hivi, maana yaliyobaki ni kulizunguka hilohilo.

Ipo programu ya serikali iliyozinduliwa Desemba 2021. Jina lake refu kuliko treni ya mizigo ya Moshi: Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Inamtazama mtoto mpaka afike miaka 8. Ndani yake kuna maneno "malezi yenye mwitikio". Mara ya kwanza niliyaona maneno ya semina, ya kuandikwa kwenye karatasi kubwa na kalamu ya wino mzito. Nikaja nikayasema polepole. Mwitikio. Kuitika. Mtoto anaita, wewe unaitika. Kichanga kinalia, na kilio ndiyo namna yake ya kuita. Ukaja ukainama ukamwambia "nipo, mama nipo", umeitika. Kumbe ndiyo hayo tu.

Sisi watu wa pwani tunajua sana habari ya kuitika, ila tumeijua upande mmoja. Mtoto wa kiume akiitwa, "Naam." Wa kike, "Abee." Na bibi zetu walisema "Labeka", na hiyo abee yenyewe wanasema ni labeka iliyochakaa. Labeka imetoka wapi? Ni ileile ya mahujaji: Labbayka Allahumma labbayk. Nimeitika, ewe Mola wangu, nimeitika. Yaani mtoto wa Barabara ya Kumi na Mbili anaitwa atumwe chumvi, anajibu kwa neno la Hija, naye hajui hata Makka iko upande gani. Wazee wetu hawakumkalisha mtoto wakamsomea juu ya utii. Waliitia dini ndani ya neno la kutumwa chumvi, wakaiacha humo, ikakua naye.

Sasa niwaulize. Mtoto akikuita wewe, unaitika nini? "Mama! Mama! Mama!" mara saba, macho yako yako kwenye kioo cha simu, ya nane unageuka: "Nini we!" Mtoto ambaye haitikiwi na mama anayemwona, siku tutakapomwambia yupo Mungu asiyeonekana naye husikia kila anayemwomba, huyu mtoto atalinganisha na nini? Simtishi mtu. Nasema jaribuni wiki moja tu, mtoto akiita, mwambieni "Labeka, mwanangu." Atacheka kwanza. Kuna baba mmoja nilimshauri hivyo akajaribu, mwanawe akamwangalia akamuuliza, "Baba, unaumwa?"

Nisije nikaonekana mwema kuliko nilivyo. Mwanangu wa kwanza nilimfundisha Alhamdu kwa kofi. Alikuwa na miaka mitano, Ramadhani inakaribia, na jirani yangu mwanawe alikuwa ameshafika mbali kwenye juzuu ya Amma, nikaona haya. Nikamkalisha mtoto kwenye kigoda mbele yangu. Akikosea, kofi. Siku nne akaihifadhi. Nikajisifu kwa watu. Leo ni mtu mzima, ana watoto wake, na ni mtu wa swala alhamdulillahi. Lakini aliniambia siku moja, tena kwa upole, tunakunywa chai: "Mama, mpaka leo nikikaribia waladhaalin, shavu hili linapata moto." Nilikiweka kikombe chini. Sikuwa na la kusema, na hata sasa sina.

Wa mwisho, binti, sikuwa na nguvu za makofi. Nilikuwa nimechoka, nimezeeka kidogo, namshukuru Mungu kwa uchovu ule. Yeye alijifunza Kulhuwallahu kichwani mwake, maana yake wakati namsuka. Kila Alhamisi jioni anakaa katikati ya magoti yangu, namsuka mtindo wa twende kilioni, na kila mstari wa nywele una aya yake. Aya ni nne, na kichwa kilikuwa kidogo, mistari minne ya mbele ikitosha tunaanza tena upya kwa ile ya nyuma. Mkono wangu ukikaza, anasema "au!", tunarudia aya. Hatukuwahi kuiita darasa. Mwaka ukapita, sikumbuki ni siku gani aliihifadhi. Na yeye sasa anamsuka mwanawe, nami nikiwatembelea nakaa kwenye kochi nasikiliza nywele zikisoma.

Mnaweza kuniuliza, na ile methali ya samaki mkunje angali mbichi? Wavuvi mpo hapa, mnanisikia. Samaki mbichi kweli anakunjika, ila anakunjwa kwa kiganja. Ukimtia nguvu, nyama inapondeka na kesho sokoni hapati mnunuzi. Methali haikutaja fimbo, fimbo tumeiongeza sisi.

Mtume (S.A.W.) amesema amali inayopendeza zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu ni ile inayodumishwa, hata ikiwa kidogo. Sisi tunapenda kubwa za mara moja. Khitma ya kukodi maturubai, sare za kitambaa kimoja, ubatizo wa keki ya ghorofa tatu. Si vibaya, mimi mwenyewe napenda pilau la watu. Lakini mtoto wa miaka mitatu halijui turubai. Anajua kwamba kila siku, akivaa kiatu, kuna mtu anamwambia anza na mguu wa kulia. Kesho tena. Kesho kutwa tena. Siku usipomwambia, anakuangalia, anasubiri.

Kuhusu asubuhi, nina ugomvi na sisi sote. Kuna magari ya shule hapa mjini yanapiga honi saa 11 na nusu alfajiri kumchukua mtoto wa miaka minne, yanamrudisha jioni amelala mdomo wazi, begi limemlalia. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo: mtoto wa miaka mitatu na minne anahitaji saa 10 mpaka 13 za usingizi kwa siku, ule wa mchana ukiwemo, na mbele ya skrini asizidi saa moja. Sasa hesabuni wenyewe. Mtoto ametazama tamthilia na dada wa kazi mpaka saa 4 usiku, saa 11 kavutwa miguu. Saa saba. Halafu tunasema ana jini, hatulii darasani.

Kwa hiyo wanaoniuliza kama wamwamshe mtoto wa miaka minne kwa ajili ya Alfajiri, nawaambia mwacheni alale. Tumeambiwa tuwaamrishe swala wakifika miaka saba, na aliyesema saba alijua nne ipo. Ila mlango uacheni wazi kidogo. Mimi nilikua nasikia mitalawanda ya bibi yangu, vile viatu vya mti, ikipita kwenye sakafu, ko, ko, ko, kisha maji ya udhu yakidondoka kwenye karo, kisha ukimya. Nilikuwa ndani ya chandarua, nusu nimeamka nusu nimelala. Hakuna aliyejua kama nasikia. Dini yangu, nikiitafuta ilikoanzia, naikuta kwenye ule ukimya baada ya maji.

Mwalimu mwenzangu tuliyefundisha naye miaka mingi ni Mlutheri wa huko Lushoto. Yeye anasema mama yake alikuwa akiwasha moto asubuhi, baridi ya milimani ile, huku akiimba nyimbo za kanisani kwa pua, bila maneno. Kwa wimbo tu wakajua mama leo ana furaha au ana deni. Tulikuwa tukilinganisha, yeye na pua ya mama yake, mimi na mitalawanda ya bibi, tukaona ni kitu kimoja.

Wapo mtakaosema, Mwalimu unasema hayo kwa sababu una nafasi, mimi saa 10 usiku niko jikoni. Najua. Kuna binti jirani yangu anauza vitumbua, analea peke yake. Saa hiyo ya 10 mwanawe akiamka hamrudishi kitandani kwa ukali, anamkalisha kwenye gunia mbali na moto. Kila akimimina unga kwenye tundu anasema Bismillahi, na mtoto naye anasema. Chuma kina matundu saba, Bismillahi saba. Kitumbua cha kwanza hakiuzwi, kinawekwa pembeni, na mtoto ndiye atakayemchagua wa kupewa: siku nyingine mzee anayetoka msikitini, siku nyingine mwendawazimu wa kona. Mtoto huyo yupo darasani hapa. Sadaka hajafundishwa, ila ukimpa biskuti anakuuliza, "Ya kwanza nimpe nani?"

Kina baba, naona mmeanza kuangalia saa. Nyinyi nina la kuwaambia fupi. Tanga ni mji wa baiskeli. Mtoto amekaa kwenye bomba la mbele, kisogo chake kiko kifuani kwako, pumzi yako iko sikioni mwake. Kutoka Makorora mpaka chuoni ni dakika ngapi? Kumi? Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, wana wa Israeli wanaambiwa maneno ya Mungu wawafundishe watoto wao wakiketi nyumbani, wakitembea njiani, wakilala na wakiamka. Njiani imetajwa. Nanyi mnazitumia dakika hizo kumi kuongea na simu mkono mmoja, usukani mkono mmoja. Semeni naye. Si lazima aya. Mwambie ule ni mkungu, huyu ni rafiki ya babu yako, msalimie. Luqmani alipomuusia mwanawe ndani ya Kurani alianza na "ewe mwanangu", akarudia na kurudia, ewe mwanangu, ewe mwanangu. Kuna watoto darasani kwangu jina lao wanalolisikia kwa baba ni "we".

Na nyinyi wazee wa safu ya mbele msikitini, kwa heshima zote, acheni kuwafukuza watoto. Mtume alirefusha sijida kwa sababu mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni, akachelea kumharakisha. Nyinyi mtoto akicheka Tasbihi zinageuka matusi.

Jioni ndiyo naipenda kuliko vyote, niacheni nikae hapo. Wazee wetu hawakutaka mtoto awe nje Magharibi ikiingia. Ni katika mafundisho ya Mtume kwamba usiku ukianza kuingia tuwazuie watoto. Wakati wangu adhana ikianza tu, mji mzima unaita majina. Kila mlango una mama, kila mama ana jina analiita, majina yanagongana barabarani kama kengele. Mtoto anajua kuna mlango mmoja katika milango yote hii ambao jina lake linatokea humo. Nikisikia mtu anaeleza maana ya kuitwa nyumbani, sina picha nyingine ila hiyo.

Halafu ndani. Kati ya Magharibi na Isha ni muda wa kuchemka chungu kimoja. Bibi kwenye kitanda cha kamba, sisi chini. "Paukwa!" "Pakawa!" Ngano tulizijua zote, tulitaka zilezile, na akibadilisha neno moja tunamkatiza. Wanangu, mtoto anayetaka hadithi ileile mara arobaini si mjinga. Anaangalia kama bado mko palepale.

Bibi na babu mliopo hapa, msijidharau. Watoto wengi wa mji huu wako mikononi mwenu, wazazi wako Dar es Salaam, wako Oman, wako kazini usiku. Paulo alipomwandikia Timotheo aliitaja imani iliyokaa kwanza kwa bibi yake Loisi, kisha kwa mama yake Eunike, ndipo ikamfikia yeye. Bibi ametajwa kwanza, kwa jina. Nani anamkumbuka mwalimu aliyemfundisha Timotheo kusoma?

Sasa sinia, nami nimalize maana giza linaingia na umeme haurudi.

Umar bin Abi Salama alikuwa mtoto aliyelelewa nyumbani kwa Mtume, mwana wa Bi Ummu Salama. Anasimulia mwenyewe kuwa mkono wake ulikuwa unazungukazunguka katika sahani. Mtume akamwambia: ewe kijana, taja jina la Mwenyezi Mungu, kula kwa mkono wako wa kulia, kula kilicho mbele yako. Anasema tangu siku hiyo ulaji wake ukawa huo. Siku zote nikiisoma habari hii natazama mkono mwingine, sio wa mtoto. Ili uuone mkono wa mtoto unazunguka sahanini, lazima na wako uwe umo. Yule hakuitwa pembeni akapewa somo la adabu za kula. Alikuwa anakula.

Majumbani mwetu sinia limepanda juu ya kabati. Kila mtu na sahani yake, mmoja chumbani, mmoja mbele ya runinga, mama anakula amesimama jikoni kama askari. Silaumu sahani. Lakini kwenye sinia mtoto alijua mambo ambayo hayasemeki. Alijua minofu inasukumwa kimyakimya upande wake na kidole cha bibi. Alijua akinyanyuka mapema wengine wataona aibu kuendelea. Alijua mgeni akipiga hodi, duara linapanuka, hakuna anayehesabu. Siku moja tu kwa wiki, Ijumaa au Jumapili baada ya ibada, lishusheni. Wali wa nazi, samaki, basi.

Na kando ya sinia palikuwa na kawa. Vijana wengine mnalijua kawa kama pambo la ukutani hotelini. Lile lilikuwa la kufunikia chakula cha asiyekuwepo. Kabla hatujala, mama anapakua sahani ya aliye safarini, aliye kazini, aliye baharini, anaiweka pembeni, anaifunika. Nasi tuna njaa, mnofu mkubwa tumeuona kwa macho unaingia chini ya kawa, na hakuna anayegusa. Miaka 31 nimetafuta namna ya kumweleza mtoto wa miaka minne imani ni nini, sikupata nzuri kuliko hiyo. Mtu hayupo, humwoni, humsikii, lakini anahesabiwa. Ana sehemu yake. Na mnakula mkijua atakuja.

Kule Sahare kuna familia naijua, baba anavua dagaa. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka taa haziwavuti, basi mwezi mpevu ndio siku zake za kulala nyumbani, na watoto wake mwezi wanaupenda kwa sababu hiyo, wanauita mwezi wa baba. Zile nyingine anaondoka kabla ya Magharibi. Mwanawe wa miaka minne ana kazi yake: anabeba dumu dogo la maji ya kunywa mpaka kizingitini. Baba anainama, anamwekea mkono kichwani, "Fi amanillah." Mtoto anajibu, "Fi amanillah, Baba," tena kwa sauti nzito, ya kiume. Dakika moja haifiki. Siku moja baba alimkuta amelala akamhurumia, akabeba dumu mwenyewe akaenda. Mtoto alipoamka usiku akaona dumu halipo alilia mpaka majirani wakaja. Hakuna aliyemwelewa. Alikuwa anasema, "Baba hakuagwa! Baba hakuagwa!"

Nilikuwa kwao majuzi, usiku wa giza, nimealikwa chakula. Mama ana kichanga, amechoka, akapakua haraka, tukakaa. Yule mtoto hakutia mkono. Akatazama pembeni, akatazama sinia. "Na ya Baba?" Mama akasema, "Yallah, nimesahau." Mtoto akainuka, akaleta sahani, akachukua kile kipande cha samaki kilichokuwa mbele yake, kizuri, cha mkiani kilichokaushwa vizuri, akakiweka. Mama akaongeza wali. Mtoto akafunika kawa. Akakaa. Kisha akainuka tena, akalinyanyua lile kawa kidogo upande mmoja, akainamisha kichwa mpaka pua ikakaribia wali, akanong'ona kitu humo ndani, akafunika.

Nikamuuliza, "Unafanya nini, babu?"

Akasema, "Namsemea Baba Bismillahi. Akirudi anakuwa na usingizi, anaweza kusahau."